Kalori: bia ya kupika nyumbani na bia ya kiwandani, ipi nzito?

Ndoo20:
Wakuu salaam. Nina bia ya kimea cha shayiri, ndoo ya lita 20. Haidromita (kipimo kinachoelea, kinachoonyesha uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji) ilisoma 1.048 kabla ya kutia chachu, na sasa imetulia kwenye 1.010. Wapo wanaosema bia ya nyumbani haina kalori za maana kwa kuwa chachu imeshakula sukari yote. Wengine wanasema hiyo ndiyo inayoota kitambi kuliko ya dukani. Nahesabuje mwenyewe? Na je, hesabu hiyohiyo inafaa kwa mbege (pombe ya ndizi na ulezi)?

Kimea_Kikavu:
Mkuu, chachu haizili kalori, inazibadilisha sura tu. Gramu 180 za glukosi zina kalori kama 675. Zikichachuka zote unabaki na gramu 92 hivi za alkoholi, na gramu moja ya alkoholi ni kalori 7, kwa hiyo 644 bado zimo ndani ya ndoo. Kilichopotea ni kidogo. Kalori za bia zinaamuliwa siku ya kupika, chachu haijagusa kitu.

Hesabu ya bia yako: toa 1.010 kwenye 1.048, zidisha kwa 131, utapata kilevi karibu 5%. Chupa ya ml 500 ina ml 25 za alkoholi. Mara 0.79 ni gramu 19.7, mara 7 ni kalori 138.

Sasa masalia, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukisoma 1.010 unadhani sukari na wanga vimebaki kidogo sana, kama gramu 13 kwa chupa. Lakini alkoholi ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inakizamisha kipimo na kukudanganya. Masalia halisi ya bia yako ni gramu 21 na ushee kwa chupa, yaani kalori 86 hivi. Jumla 224.

Lager ya kiwandani ya 5% inacheza kwenye kalori 40 hadi 45 kwa kila ml 100, chupa ya ml 500 ni 200 hadi 225. Mko sawa.

Njia ya mkato: chukua tarakimu mbili za mwisho za kipimo cha kwanza, zidisha kwa 4.6. 48 × 4.6 = 221. Kwa bia ya kawaida inatosha kabisa.

Bomba_la_Chini:
Nakubaliana na hapo juu, naongeza sehemu ambazo bia ya nyumbani inazidi bila mpishi kujua.

Sukari ya "kuongeza nguvu". Kilo 1 kwenye lita 20 inapandisha kipimo cha kwanza kwa pointi 19 hivi (yaani 0.019). Kilevi kinaongezeka kama 2.5%, na kila chupa ya nusu lita inabeba kalori karibu 90 zaidi. Kwa kuwa bia inakuwa kavu mdomoni, mnywaji anaiona nyepesi. Ulimi haupimi kalori, wakuu.

Sukari ya kutia gesi kwenye chupa, gramu 6 kwa lita, ni kalori 12 tu kwa chupa. Hiyo iache. Chachu iliyotuama chini ya chupa nayo ni kitu kidogo, usiimwage kwa ajili ya kitambi, imwage kama tumbo linakuunguruma.

Anayetaka bia nyepesi kweli apunguze kimea. Anzia 1.034 badala ya 1.048 na chupa inashuka hadi kalori 155 hivi. Kulowesha kimea kwenye nyuzi 63 badala ya 68 hakupunguzi kalori, kunahamisha wanga kwenda kwenye alkoholi. Vimeng'enya vya kuvunja wanga hivyohivyo: ukivitia bila kuongeza maji umetengeneza bia kali zaidi, basi.

Msesewa:
Kwa mbege hesabu ya haidromita usiitumie, itakupotosha. Mbege ina unga wa ulezi unaoelea, na bado inachemka inapofika kwenye kata. Unga unaufanya ujiuji uwe mzito, mapovu yanakinyanyua kipimo, na wanga ule usioyeyuka hauonekani kwenye fomula yoyote ya bia iliyochujwa.

Hesabu kwa malighafi. Mfano: ndizi mbivu zilizomenywa kilo 10, karibu kalori 9,000. Unga wa kimea cha ulezi kilo 2, kama 6,600. Jumla 15,600. Ukipata lita 25, ni kalori 312 kwa nusu lita, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, maana makapi ya ndizi yanayobaki kwenye kichujio yameondoka na sehemu yake. Ukiongeza maji ikafika lita 32, juu kabisa ni 244. Magome ya msesewa ni ya uchungu tu, hayaongezi kitu kwenye hesabu hii.

Kwa mwenye kisukari kuna jambo jingine. Mbege ya asubuhi na ya jioni zina kalori karibu sawa, ila ile changa ina sukari nyingi zaidi na kilevi kidogo.

Ndoo20:
Asanteni sana. Kipimo nilisoma ndoo ikiwa na joto la nyuzi 30. Kuna tofauti?

Kimea_Kikavu:
Ipo. Haidromita nyingi zimepimiwa kwenye nyuzi 20 (angalia karatasi iliyo ndani ya shingo yake). Kwenye 30 inasoma chini, ongeza kama 0.0025. Kama zote mbili ulisoma kwenye 30, kilevi hakibadiliki, ila kalori zinapanda kama 12 kwa chupa. Kabla ya hapo kitumbukize kwenye maji safi ya nyuzi 20, kisome 1.000. Kikisoma 1.003, punguza 0.003 kwenye kila kipimo. Sampuli imimine mara kadhaa kutoka glasi hadi glasi ili gesi itoke, halafu ndipo usome.