Ushauri: AMCOS inataka kununua shamba la kijiji, ekari 62. Mkutano ni Jumamosi

Mjumbe wa Kusini

Habari zenu wanajamvi. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, huku kwetu kwenye korosho mkoani Mtwara. Kijiji kina shamba la ekari 62 ambalo hadi leo tunaliita shamba la ujamaa. Wazee walilifyeka miaka ya 1970, watu walipohamishiwa kijijini, na kila kaya ilitoa mtu wa kwenda kulima. Mikorosho ya upande wa bondeni ilipandwa na marehemu baba na wenzake. Sasa mingi imezeeka na karibu nusu ya shamba imerudi kuwa pori. Sehemu iliyobaki wanalima kina mama kumi na wanne, wengi wao wajane: mihogo, kunde, mbaazi. Waliruhusiwa kwa mdomo na mwenyekiti aliyepita, karatasi hawana.

Chama chetu cha ushirika wa wakulima, yaani AMCOS, kimeleta barua. Kinataka kununua shamba lote kwa shilingi 400,000 kwa ekari, jumla 24,800,000, ili kupanda mikorosho mipya na kujenga ghala. Boma la zahanati yetu limesimama kwenye lenta, na mama mjamzito bado anapakiwa kwenye bodaboda usiku. Wajumbe wengi wameshakubali. Wawili kati yao wapo pia kwenye bodi ya hiyo AMCOS. Chama kina wanachama kutoka vijiji vitatu, na mimi mwenyewe ni mwanachama.

Je, halmashauri ya kijiji inaweza kuuza? Nikisimama kupinga nitaonekana nazuia zahanati, na nikinyamaza nitamtazamaje bibi yangu mdogo ambaye ni mmoja wa wale kumi na wanne?

Chikoko

Uzeni mkuu. AMCOS ni wakulima wenzenu, siyo tajiri wa mjini. Shamba linaota magugu na watu wanakosa matibabu. Mikorosho mipya itawapa kazi vijana, na ghala likiwa karibu mtapunguza gharama za kusafirisha korosho msimu ukifunguliwa.

Mpima Mstaafu

Kijana wangu, neno "kuuza" liondoeni mezani kabla ya kuanza kikao. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na mdhamini wake ni Rais. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 8, inaiweka halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi, mfano wa mtu aliyeachiwa mali ya yatima. Anaitunza, haiuzi. Hata kuigawa haruhusiwi mpaka mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa hapo, ukubali kwanza.

Lakini kuna swali linalotangulia hilo, na hapo ndipo nimeona vijiji vingi vikijikwaa. Shamba lenu liko fungu gani? Kifungu cha 12 kinagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ile ya matumizi ya pamoja ya wanakijiji wote, ile inayokaliwa na kutumiwa na mtu, kaya au kikundi, na ile ya akiba. Kama ekari 62 ziliwekwa fungu la kwanza, hazimilikishwi mtu wala chama, hata kukodishwa haziruhusiwi zikiwa katika fungu hilo. Nenda kwa mtendaji kesho asubuhi, usingoje Jumamosi. Mwombe rejista ya ardhi ya pamoja, na mpango wa matumizi ya ardhi kama mnao. Soma mwenyewe kwa macho yako.

Ikiwa ni akiba, njia ya kukodisha ipo. Eneo lisilozidi hekta 5 kwa muda usiozidi miaka 5, halmashauri ya kijiji inaamua. Likizidi hapo, hadi hekta 30 au miaka 10, ni lazima mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe. Zaidi ya hapo unahitajika na ushauri wa Kamishna wa Ardhi. Ekari 62 ni kama hekta 25, kwa hiyo huwezi kukwepa mkutano mkuu hata kwa mwaka mmoja.

Chikoko

Mzee, mbona kuna vijiji vilitoa maelfu ya ekari kwa wawekezaji?

Mpima Mstaafu

Huko ni kuhawilisha, siyo kuuza. Ardhi inatolewa kwenye ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla, na mwenye mamlaka hayo ni Rais. Hata hapo, eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupata maoni ya kijiji. Na ikishahawilishwa, si ya kijiji tena. Mpango ule ukifa, usitegemee shamba kurudi kwenu lenyewe.

Mwanaushirika

Mimi niliwahi kuwa katibu wa chama cha msingi, kwa hiyo nizungumzie upande wa mnunuzi. Wewe ni mwanachama, una haki ya kuuliza: hizo milioni 24 na ushee zimo kwenye makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu wa wanachama? Kama ni mkopo, umo ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis, yaani msajili na msimamizi wa vyama vya ushirika? Sheria ya Vyama vya Ushirika, Na. 6 ya 2013, haimpi mwenyekiti wa bodi ruhusa ya kuchukua mkopo kwa utashi wake. Kama barua iliandikwa na watu watatu ofisini, wanachama wa vijiji vile viwili vingine watakuja juu baadaye, na watakuwa na haki.

Nikujibu na wewe Chikoko, kwamba ushirika ni wenzetu. Ni kweli, na mimi ushirika umenisomeshea watoto. Ila chama kinaweza kufilisika. Mfilisi akishakabidhiwa mali, kazi yake ni kulipa wadai. Hatajali kwamba shamba lilifyekwa na baba wa mtu.

Wale wajumbe wawili waseme mbele ya watu kwamba wako pande zote mbili, kisha watoke wakati wa kuamua. Iandikwe kwenye muhtasari.

Mama Mbaazi

Nimesoma nikalia. Mimi nililima kwenye shamba la namna hiyo miaka tisa, katika wilaya ambayo sitaitaja. Siku moja tukakuta vigingi. Tukaambiwa hatuna karatasi, na kwamba mkutano ulishapita. Mkutano ulifanyika siku ya soko, sisi tukiwa sokoni! Mihogo yangu ilikuwa bado miezi miwili ing'olewe.

Kaka, kabla ya Jumamosi nenda ukawaandike wale kina mama. Jina la kila mmoja, amelima tangu mwaka gani, eneo lake linaanzia mti upi na kuishia wapi. Waje wote, wakae mbele. Na saa ya mkutano iwe ile ambayo mwanamke ametoka shambani na kisimani.

Mkulima Naliendele

Niongeze la kilimo. Korosho hupandwa mita 12 kwa 12, kama miti 28 kwa ekari. Mche unaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, lakini mavuno ya kueleweka ni kuanzia wa saba na kuendelea. Ndiyo maana AMCOS wataona mkataba wa miaka 10 ni mfupi, na kwa hilo siwalaumu. Wakitaka mrefu zaidi, waifuate njia ya Kamishna.

Ila angalia nafasi iliyopo hapo. Miaka ya mwanzo, kati ya mche na mche kuna uwanja mtupu ambao ni lazima upaliliwe. Kunde hapo panafaa sana, na mihogo pia ikikaa mbali kidogo na shina. Wale kina mama wakibaki humo, chama kinapata palizi bila kulipa kibarua, na wao wanapata chakula. Liandikwe kwenye mkataba kama sharti, kwa majina yao. Ghala wapewe kipande chake kidogo kando ya barabara, lijadiliwe peke yake.

Mangi wa Rombo

Huku Kilimanjaro mashamba ya kahawa ya walowezi yalitaifishwa miaka ya 1970, mengi yakakabidhiwa vyama vya msingi, na baadaye vyama vikayapangisha kwa wawekezaji. Chama chetu kilipangisha kwa mkataba wa Kiingereza ambao wengi wetu hatukuuona mpaka ugomvi ulipoanza. Wa kwenu uandikwe kwa Kiswahili, usomwe wote mkutanoni kwa sauti, na nakala ibaki kijijini. Kodi muitaje kwa mwaka, na iwe inapanda.

Mpima Mstaafu

Na zahanati isitumike kama fimbo. Mwandikieni Mkurugenzi wa wilaya kuomba fedha za kumalizia boma. Serikali imekuwa ikimalizia maboma yaliyoanzishwa na nguvu za wananchi, lakini anayeandika na kufuatilia ndiye anayekumbukwa.

Mjumbe wa Kusini

Narudi kuwapa mrejesho, na shikamooni wazee wangu.

Rejista ilipatikana chini ya mafaili ya mwenge. Ekari 20 za bondeni, zile za baba, zimeandikwa ardhi ya pamoja. Zilizobaki 42 ni akiba. Nilipoisoma mbele ya mkutano palitulia kabisa, maana hata mwenyekiti alikuwa hajui. Wajumbe wale wawili walitoka nje wenyewe.

Kuuza kumekataliwa. AMCOS wamepewa miezi mitatu, mpaka mkutano mkuu ujao, walete maombi ya kukodisha zile 42 pamoja na muhtasari wa wanachama wao. Kina mama walikuja kumi na watatu. Mmoja anaumwa, alimtuma mwanawe. Bibi yangu mdogo alisimama akasema kodi ya mwaka wa kwanza inunue mabati ya zahanati, na watu wakapiga makofi.

Barua ya Mkurugenzi naiandika usiku huu. Mpima Mstaafu, nikikutumia rasimu utanisahihishia?