Mwaka wa 9 kazi ileile, kaka anasema nimejitakia. Ni kweli?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, na tuongee kwa uzito, maana hili limeninyima usingizi.

Nafanya kazi stoo, kupokea na kutoa mizigo, mwaka wa 9 sasa. Juzi kaka kaniambia mbele ya mama: "Anayebaki chini kajitakia. Ulioanza nao wako wapi?" Nikanyamaza. Sijawahi kuchelewa kazini. Supavaiza wetu nilimfundisha mimi kujaza kitabu cha mapokezi. Alikuja na cheti, mimi sina. Masomo ya jioni nimeyaanza mara mbili nikaacha, kwa sababu ratiba ya zamu inabandikwa ukutani Jumamosi jioni. Kabla ya hapo hujui Jumatatu unaingia asubuhi au usiku. Ada ya mara ya pili ilipotea yote.

Kosa ni langu?

Mpanga Zamu: Pole sana mkuu. Piga hesabu kidogo. Kama mko 30 na nafasi ya supavaiza ni moja, hata wote mngekuwa na vyeti, 29 wangebaki palepale. Mizigo lazima mtu aibebe. Ndiyo maana hoja ya kaka yako inaniuma: anaongelea nani apande, haulizi anayebaki analipwaje. Azimio la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 23, linampa kila afanyaye kazi haki ya ujira unaomtosha yeye na familia yake kuishi kwa heshima. Halikuweka sharti la cheo.

Kifungua: Mimi simlaumu kaka moja kwa moja. Wapo tunaofanya nao kazi wakiitiwa mafunzo ya bure hawaendi.

Mpanga Zamu: Wapo. Huyu kalipa ada mara mbili.

Mama Subira: Mwanangu, nilifanya usafi wa ofisi miaka 6 nikingoja waione bidii yangu. Walichoona ni sakafu safi tu. Siku nilipoandika barua kuomba nafasi masjala, bosi akashangaa: "Kumbe ulikuwa unataka?" Wewe umewahi kuomba kwa maandishi?

Mleta uzi: Kwa maandishi hapana, mama. Kwa mdomo mara moja tu.

Mama Subira: Basi hapo pana sehemu yako. Ndogo, lakini ni yako.

Wakili wa Kujitegemea: Ongezea hili. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1974 Mkataba Na. 140 kuhusu likizo ya masomo yenye malipo. Ulizia chama cha wafanyakazi kama nchi yako imeuridhia, na sheria yenu inasemaje. Hata kama haijauridhia, omba zamu isiyobadilika kwa kipindi cha kozi. Mwajiri haimgharimu kitu kikubwa.

Mleta uzi: Asanteni. Barua nimeianza. Nitangulize miaka 9 au zamu?

Mama Subira: Zamu. Taja siku na saa za darasa, weka tarehe, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.