Kifaa cha Linux chenye miunganisho mitatu: nifanyeje ili kebo itangulie daima?

Muulizaji

Habari zenu wanajukwaa. Ninasimamia kompyuta ndogo inayoendeshwa na Linux, ambayo kazi yake ni kukusanya vipimo kutoka kwenye vitambuzi na kuvituma kwenye seva kila baada ya dakika moja. Ina miunganisho mitatu: kebo iliyochomekwa kwenye ruta, modemu ya USB yenye laini ya simu iliyowekwa kwa ajili ya dharura, na Wi-Fi inayotumika kuwasiliana na vitambuzi vyenyewe tu. Ninachotaka ni kwamba data ipite kwenye kebo wakati wote kebo inapokuwa nzima, na modemu iguswe pale tu kebo inaposhindwa, kwa kuwa kifurushi cha modemu ni kidogo na kikiisha kabla ya wakati tunabaki bila akiba.

Tatizo ni kwamba siku nyingine, kifaa kikizimika na kuwaka upya, data yote hupita kwenye modemu ilhali kebo ipo na inafanya kazi. Hivi ndivyo nilivyolikuta jedwali la njia leo asubuhi (eth0 ni kebo, usb0 ni modemu, wlan0 ni Wi-Fi):

```
default via 192.168.8.1 dev usb0 proto dhcp src 192.168.8.100 metric 100
default via 192.168.1.1 dev eth0 proto dhcp src 192.168.1.24 metric 101
default via 10.20.0.1 dev wlan0 proto dhcp src 10.20.0.57 metric 600
```

Nilijaribu kuibadilisha namba ya mwisho ya eth0, nikajibiwa kwamba kitu ninachotaka kukibadilisha hakipo, jambo lililonishangaza kwa sababu ninakiona kwa macho yangu:

```
$ sudo ip route change default via 192.168.1.1 dev eth0 metric 50
RTNETLINK answers: No such file or directory
```

Nilipotumia `add` badala ya `change`, njia yenye 50 iliingia na kebo ikashika kazi papo hapo, lakini ile yenye 101 nayo ilibaki, na baada ya kuwasha upya kila kitu kilirudi kilivyokuwa. Naomba kuelezwa namba hizi zinatoka wapi, na ni wapi hasa pa kuziandika ili zidumu.

Jibu la kwanza

Ndugu, umefanya vyema kuliweka jedwali lenyewe, maana chanzo cha tatizo kinaonekana humo humo. Namba hiyo ya mwisho huitwa metriki, nayo husomwa kama gharama: njia mbili zikielekea mahali pamoja, kerneli, yaani kiini cha Linux, huchukua yenye metriki ndogo. Kwenye kifaa chako anayezigawa ni NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho, ambaye kwa kawaida huipa kebo 100, Wi-Fi 600, na modemu anayoipigia simu mwenyewe 700. Modemu yako, hata hivyo, haijitambulishi kama modemu. Modemu nyingi za USB za siku hizi hujionyesha kwa mfumo kama kadi ya kawaida ya Ethernet, kwa hiyo nayo inastahili 100, na kwa kuwa hakubali njia mbili ziwe na namba moja, inayowahi kuamka hupewa 100 na inayochelewa hupewa 101. Ndiyo maana matokeo hubadilika siku kwa siku: kila kifaa kinapowaka, kebo na modemu hukimbizana, na mshindi si yule yule kila mara.

Kuhusu `change` kukataa, katika IPv4 metriki ni sehemu ya utambulisho wa njia. Ulipoandika 50, kerneli ilitafuta njia ambayo tayari ina metriki 50, ikaikosa, na ikasema ukweli wake. Anayetaka kubadilisha metriki kwa mkono huongeza njia mpya kisha huifuta ile ya zamani. Lakini nakusihi usiishie hapo, kwa sababu kinachoandikwa kwa amri ya `ip` hukaa kwenye kumbukumbu tu. Mwandishi wa jedwali hilo ni NetworkManager, naye huliandika kutoka kwenye wasifu (mipangilio iliyohifadhiwa) wa kila muunganisho, kwa hiyo mahali pa kuandika ni kwenye wasifu:

```
sudo nmcli connection modify Kebo ipv4.route-metric 50 ipv6.route-metric 50
sudo nmcli connection modify Modemu ipv4.route-metric 400 ipv6.route-metric 400
sudo nmcli connection modify Vitambuzi ipv4.never-default yes ipv6.never-default yes
```

Majina hayo matatu ni ya mfano. Yako utayaona kwa `nmcli connection show`. Hakikisha pia kwamba kila wasifu umefungwa kwenye kadi yake kwa `connection.interface-name`, ili wasifu wa kebo usije ukaangukia kwenye modemu. Ukimaliza, uamshe kila mmoja kwa `nmcli connection up`. Ikiwa uko mbali na kifaa, anza na ule usiopitia wewe mwenyewe.

Usiwe na hofu kwamba mstari wa tatu utakutenga na vitambuzi. Unachoondoa ni njia ya jumla (ile iliyoandikwa `default`) ya Wi-Fi, huku njia ya 10.20.0.0/24 ikibaki palepale. Kerneli hutazama kwanza njia iliyo mahususi zaidi kwa anwani inayotafutwa, na metriki huulizwa baadaye, kati ya njia zinazolingana. Mwisho, usiridhike kwa kulitazama jedwali. Iulize kerneli yenyewe itapita wapi kwa `ip route get 1.1.1.1`, nayo itakutajia kadi na anwani itakayotumia.

Muulizaji

Nakushukuru sana. Nimewasha upya mara sita na kila mara kebo imetangulia, na nilipoichomoa kwenye kifaa, modemu ilishika nafasi mara moja. Kisha nikafanya jaribio la pili: niliiacha kebo mahali pake, nikachomoa waya unaoileta intaneti kwenye ruta. Hapo kifaa kiliendelea kung'ang'ania eth0 zaidi ya dakika kumi bila kutuma chochote. Je, metriki haitambui kwamba njia imekufa?

Jibu la pili

Haitambui, na haikuundwa kutambua. Ulipochomoa kebo, kadi ilipoteza ishara ya kebo na njia yake ikaondolewa. Lakini ruta ikiwa hai, kwa kerneli njia bado ni nzima, hata kama nyuma ya ruta hakuna kitu. Anayeweza kugundua hilo ni NetworkManager, ukimpa ukurasa wa kuujaribu. Andika faili ndani ya `/etc/NetworkManager/conf.d/` yenye maneno haya, ukitaja ukurasa wa HTTP ulio kwenye seva yenu:

```
[connectivity]
uri=http://seva-yenu/hali.txt
response=salama
interval=60
```

Ukurasa huo uwe na neno `salama` peke yake. Muda wa kawaida kati ya jaribio na jaribio ni sekunde 300, ambao kwa kazi yako ni mrefu mno. Muunganisho ukishindwa jaribio, njia yake ya jumla huongezewa 20000 kwenye metriki. 50 ya kebo itakuwa 20050, na modemu yenye 400 itatangulia.

Angalia pia `net.ipv4.conf.all.rp_filter`, kichujio cha kerneli kinachoweza kutupa pakiti (vipande vya data) zilizoingia kwa njia isiyotarajiwa. Kichujio hicho kikiwa kwenye 1, majibu ya jaribio yanayorudi kupitia modemu yanaweza kutupwa kwa kuwa njia bora wakati huo ni kebo, na modemu nzima itaonekana mbovu. Kiweke kwenye 2.

Muulizaji

Kichujio kilikuwa kwenye 1, nami nimekibadilisha. Sasa, nikichomoa waya wa nje, jedwali linasomeka hivi kabla dakika mbili hazijaisha:

```
default via 192.168.8.1 dev usb0 proto dhcp src 192.168.8.100 metric 400
default via 192.168.1.1 dev eth0 proto dhcp src 192.168.1.24 metric 20050
```

Nikirudisha waya, kebo hurejea kwenye 50. Jambo moja tu limebaki: programu ya kutuma vipimo haihami yenyewe hadi niiwashe upya.

Jibu la pili

Programu hiyo bila shaka huacha muunganisho mmoja wa TCP wazi muda wote. Muunganisho uliofunguliwa ukiwa na anwani 192.168.1.24 hubaki na anwani hiyo hata njia ikihama, na pakiti zake hazitapata majibu kupitia modemu. Ipangie muda wa kungoja jibu, mathalani sekunde 20, kisha ifunge muunganisho na kufungua mwingine. Huo mpya utachukua anwani ya njia iliyo juu wakati huo.