Mtoto kaandika NEBUKADREZA, kakatwa alama! Hili silikubali

Wakuu, nina hasira tangu jana jioni, acheni niseme.

Binti yangu wa miaka 11 alishiriki mashindano ya maswali ya Biblia kanisani kwetu (kanisa silitaji). Aliulizwa ni mfalme gani wa Babeli aliyebomoa Hekalu la Yerusalemu, akajibu Nebukadreza. Kapewa kosa! Karatasi ninayo hapa: R imezungushiwa wino mwekundu, juu yake N kubwa, kalamu imekandamizwa mpaka alama imetokea upande wa pili. Kwa alama hiyo moja kawa wa nne, na waliochaguliwa kwenda mbele ni watatu.

Nikamfuata msahihishaji na Biblia ya mtoto mkononi, Ezekieli 26:7: "Nebukadreza". Hakuisoma hata. "Mzee, karatasi ya majibu inasema Nebukadneza."

Jamani! Biblia zetu za Kiswahili nyingine zina N, nyingine R. Na kwa Kiakadi, lugha ya Wababeli wenyewe, ni Nabu-kudurri-usur, yaani "Ee Nabu (mungu wao), mlinde mrithi wangu". R hiyo hapo, iko hata kwenye matofali ya Babeli yaliyogongwa muhuri wake. Mtoto kaandika lililo karibu zaidi na asili!

Akaongeza kwamba mfalme wa jina hilo alikuwa mmoja tu. Hapo nikachemka. Aliyebomoa Hekalu ni wa PILI, katawala 605 hadi 562 KK. Wa kwanza alimtangulia kwa miaka zaidi ya 500, ndiye aliyeirudisha sanamu ya Marduki, mungu mkuu wa Babeli, kutoka nchi jirani ya Elamu. Waajemi walipokwisha kuiteka Babeli, mwaka 522 na 521 KK wakainuka watu wawili, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidai ndiye Nebukadreza mwana wa Nabonido, mfalme wa mwisho wa Babeli. Dario, mfalme wa Waajemi, akachonga kwenye mwamba wa Behistun, Iran, kwamba ni waongo. Jina lilikuwa na nguvu kiasi hicho! Hata Saddam Hussein wa Iraki miaka ya 1980 alijenga juu ya magofu yale kwa matofali yenye jina lake mwenyewe, akimuiga mfalme huyohuyo.

Na Waitaliano wamelikata likabaki Nabucco, ndivyo inavyojulikana opera (igizo la kuimbwa) ya mtunzi wao Verdi ya 1842. Ila binti yangu kwa herufi moja kalala analia.

Nataka alama yake irudishwe kabla ya Jumamosi, na msahihishaji amwambie mtoto mwenyewe, mbele ya wenzake, kwamba alijibu sahihi.