Gereji za Mwanga, Kigoma, hizo tapeti za haidroliki kwenye Probox mnaziona wapi?

Wakuu salaam. Huu ni uzi wa hasira, asiyependa kelele apite tu.

Nina Probox, injini 1NZ, imeshapita kilomita 270,000. Inabeba dagaa kutoka Kibirizi, inabeba watu wa Mwandiga, na ikibidi inapanda Kasulu. Haijawahi kunisumbua, ila siku za karibuni ilianza mlio wa tik-tik-tik juu ya injini. Ukikanyaga mafuta, mlio nao unakimbia. Muda wa kumwaga oili ulikuwa umefika, nikampa dereva karatasi nimeandika kwa mkono wangu: oili ya uzito 10W-40, daraja la SN au SP, filta mpya, na huo mlio uangaliwe. Likaenda gereji moja hapa Mwanga, siitaji, mwenyewe anajijua.

Jioni likarudi na bili ya vitu ambavyo sikuagiza. Oili 20W-50. Kopo la "dawa ya tapeti za haidroliki". Juu yake kopo lingine la tritimenti, dawa ya kuchanganya na oili, ile nzito ya kuvutika. Napiga simu, najibiwa kwa kujiamini kabisa: "Bosi, gari za kilomita nyingi dawa yake ndiyo hiyo. Oili nyepesi itakuulia injini."

Haya, tuelewane. 1NZ-FE haina tapeti za haidroliki. Tapeti ni kile kipande kinachokaa kati ya vali na kemshafti, shafti inayozifungua vali. Ya haidroliki ina kijipistoni ndani yake, inajazwa oili na kujiziba nafasi yenyewe. Ikishikwa na uchafu inapiga kelele, na hapo dawa ya kusafisha inaweza kusaidia. Za 1NZ ni vikombe vya chuma kitupu. Nafasi kati ya kikombe na kemshafti inapimwa kwa fila geji, vile vijikaratasi vya chuma vya kupimia nafasi, injini ikiwa baridi: 0.15 hadi 0.25 mm kwa vali za kuingiza hewa, 0.25 hadi 0.35 mm kwa vali za moshi. Ikizidi hapo inagonga, na kuirekebisha ni kutoa kikombe na kuweka kinene zaidi. Toyota wametengeneza vikombe hivyo kwa unene 35 tofauti, kuanzia 5.060 mm hadi 5.740 mm. Hakuna kimiminika duniani kinachoongeza unene wa chuma. Mliyonifanyia ni sawa na kumchua mtu mguu wa bandia kwa dawa ya misuli, halafu mkamdai hela.

Na hata hamkufungua kava. Boliti za kava ya tapeti zina vumbi lilelile la barabarani, hakuna spana iliyogusa pale. Mlio mliuchunguza kwa kutumia nini, ramli?

Injini iliyokula kilomita inaweza kulia kwa sababu nyingi, na kila mlio una kwao. Ukiwasha asubuhi ikakwaruza sekunde chache upande wa cheni kisha ikanyamaza, angalia cheni na tenshena yake, kile kikaza cheni, maana tenshena inasukumwa na presha ya oili. Au filta ni feki, haina vali ya kuzuia oili isirudi chini usiku, kwa hiyo injini inaamka kavu. Mlio mzito wa chini unaozidi injini ikipata moto na mzigo, huo ni wa kuogopa, hizo ni beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenki. Fundi anachomoa koili ya silinda mojamoja, akifika kwenye silinda yenye ugonjwa mlio unapungua. Kuna na mikelele ya bure kabisa: puli, beringi ya alteneta, kibati cha kukinga joto la ekzosi kilicholegea. Nimeona mtu ameuziwa tritimenti kwa ajili ya kibati!

Kabla ya yote hayo, mtu achomoe kijiti cha kupimia oili aone oili ipo kiasi gani. Kisha afungue swichi ya presha, afunge geji, asome. Ni kazi fupi. Lakini geji haiuzi makopo, ndiyo maana haionekani.

Nije kwenye oili yenyewe. Sisemi 20W-50 ni sumu. Injini inayokula oili, inayotoa moshi wa bluu ukikanyaga kwa sababu ringi zimechoka, kuipandisha uzito kidogo kunaweza kukuvusha wakati unatafuta hela ya kuifungua. 10W-40 niliyoandika tayari ni nzito kuliko 5W-30 ambayo injini hizi hupewa, kwa hiyo umri wa gari nilishauhesabu. Kuna hata oili zinazotengenezwa maalumu kwa gari za kilomita nyingi, zina viungo vya kulainisha sili zilizokakamaa. Ila kurukia 20W-50 bila kupima chochote ni kubahatisha kwa injini ya mtu. 1NZ ina VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa kufunguka kwa vali, inayoendeshwa kwa presha ya oili kupitia vijia vyembamba, na oili nzito inachelewa kufika huko juu unapowasha. Mtu ataniambia Kigoma hakuna baridi. Namba ya mwisho kwenye galoni, ile 50, imepimwa oili ikiwa na nyuzi 100. Kwa injini iliyolala nje, alfajiri ya Kigoma ni baridi. Na matokeo nayaona: asubuhi cheni inakwaruza muda mrefu kuliko zamani, na tik-tik iko palepale.

Halafu nikageuza galoni waliyoniachia nisome nyuma. API SF! Wakuu, hizo herufi za API ndizo daraja la ubora wa oili, na SF ni daraja la injini za mwaka 1988 kurudi nyuma. Probox imeanza kutengenezwa 2002. Hiyo oili inauzwa Kigoma leo, galoni linang'aa, limechorwa gari la mashindano. Someni herufi jamani, picha haiingii kwenye injini. Inayoanza na S ni ya petroli, inayoanza na C ni ya dizeli, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo daraja lilivyo jipya. SN ilianza 2010, SP 2020. Wenye Hiace za 5L mtafute zenu za C, 15W-40 ya CI-4 inatosha.

Kuhusu makopo, oili nzuri inatoka kiwandani na viungo vyake vimeshapimwa: vya kusafisha, vya kuzuia kusagika, vya kushikilia uzito kwenye joto. Ukimimina kopo usilojua lina nini, unavuruga hesabu ya watu waliosomea. Marekani, mwaka 1997, tume yao ya biashara FTC iliwabana wenye Slick 50 waache kutangaza kwamba inapunguza kusagika kwa injini bila ushahidi wa kisayansi. Sisi huku mtu anaandika "huongeza uhai wa injini" na tunafungua pochi.

Flashi, ile dawa ya kuosha injini kwa ndani, ndiyo mbaya zaidi kwa mkweche. Injini iliyojaa matope ya miaka ukiipiga flashi ya nguvu, matope yanabanduka yote kwa mkupuo na kwenda kuziba chujio la pampu ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Taa ya oili inawaka, beringi zinakwenda. Fundi atakwambia gari lilikuwa limechoka.

Na mnaonunua magari kwa madalali, ile tritimenti nzito ndiyo siri ya gari linalonguruma kwa adabu siku ya kukaguliwa. Ukimwaga oili mara ya kwanza, ngoma inaanza. Kalisikilizeni gari likiwa limelala usiku kucha. Ukikuta limeshapashwa moto kabla hujafika, ondoka.

Langu nimelipeleka kwa mzee mmoja Ujiji. Kafungua kava, kaingiza fila geji huku anazungusha krenki kwa mkono, kimya kabisa. Silinda ya tatu, vali za moshi zote mbili, karatasi ya 0.45 inapita bila kugusa. "Mdogo wangu, njoo ushike mwenyewe," akaniambia. Nikashika. Kaandika unene wa vikombe vinavyotakiwa, tumeagiza Kariakoo, vinakuja na basi. Gharama yake haifiki hata bili ya yale makopo.

Mwenye gereji, najua uzi huu utakufikia maana vijana wako wanashinda kwenye simu. Risiti ninayo, makopo matupu ninayo. Jumatatu nakuja kuchukua hela yangu. Ukinionyesha tapeti moja tu ya haidroliki ndani ya hiyo injini, nakuachia na gari.