Binti kushinda mechi tu, wanataka cheti cha kuzaliwa!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie. Niko Utah, Marekani. Binti yangu anacheza kikapu shuleni. Ni mrefu, mabega mapana kama shangazi zake, na nywele kakata mwenyewe kwa sababu ya jasho. Wamewafunga wageni, basi mama mmoja jukwaani akaanza kuropoka kwamba yule si msichana. Kesho yake napigiwa simu na shule: mzazi, tuletee cheti cha kuzaliwa, ni utaratibu tu.

Utaratibu gani unaoanza mtoto akishinda?

Huku mjadala wa wanafunzi waliobadili jinsia kucheza michezo ya wasichana umewafanya watu wazima wawe vichaa. Mwaka 2022 Bunge la jimbo hili lilipitisha sheria ya kuwazuia. Gavana Spencer Cox, Republican kabisa, akaikataa na kutaja hesabu: wanafunzi 75,000 wa sekondari wanaoshiriki michezo, waliobadili jinsia 4, na kati yao anayecheza upande wa wasichana ni 1. Mmoja! Wabunge wakampiku kwa kura Machi hiyohiyo, sheria ikapita.

Haikupita hata nusu mwaka, ikajulikana kwamba chama cha michezo ya shule za sekondari kilimchunguza msichana mmoja baada ya wazazi wa walioshika nafasi ya pili na ya tatu kulalamika. Walifukua rekodi zake za shule hadi chekechea, familia yake haina habari. Wakakuta nini? Msichana tangu siku ya kwanza. Halafu 2024 mjumbe wa bodi ya elimu ya jimbo, Natalie Cline, akaweka mtandaoni picha ya binti wa kikapu akidokeza kwamba ni mvulana. Mtoto akatishiwa hadi akahitaji ulinzi. Naye alikuwa msichana.

Sisemi hoja ya haki kwa mabinti ni upuuzi. Nilikimbia mita 400 UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, nusu sekunde naijua uchungu wake, na aliyepitia balehe ya kiume ana mwili wenye nguvu tofauti. Wataalamu wakae walijadili hilo kwa ushahidi, sina ugomvi. (Sisi enzi zetu vita ilikuwa mamluki, watu na ndevu zao wanacheza kama kidato cha pili, lakini hakuna aliyemkagua mtoto wa mtu maungo.) Ninachokataa ni kumpa kila mzazi mwenye wivu rungu la kumpiga nalo mtoto aliyemshinda wake.

Na ninyi wa nyumbani mnaoshangilia mkidhani haya ni ya Wazungu, mmemsahau mwanariadha Annet Negesa wa Uganda? Hakubadili jinsia huyo, kazaliwa na kukua msichana. 2012 akaondolewa Olimpiki ya London kwa ajili ya homoni zake, akaishia kwenye upasuaji uliomharibia maisha, na 2019 Ujerumani ikampa hifadhi. Margaret Wambui wa Kenya, shaba ya mita 800 Rio 2016, kanuni za homoni za 2019 zikamfungia mlango. Macho yakianza kutafuta "asiyefanana na msichana", hao wetu hawakosi kwenye orodha.

Halafu hicho cheti. Mimi ninacho, kipo kabatini. Jirani yangu Mkongo wanawe wamezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, karatasi zao zote zinasema Januari 1. Binti yake wa pili anatupa kisahani kuwapita wote shuleni. Siku wakimgeukia, baba wa watu atapeleka nini?

Nimewajibu kwamba sipeleki kitu mpaka wanipe kwa maandishi nani kalalamika na kwa kifungu kipi. Walioko Marekani yaliyowakuta haya, mlitumia wakili au mlimalizana na kocha? Wale wa "peleka tu yaishe", piteni uzi mwingine.