Mume wangu ni mwandishi wa habari, watu wasiojulikana wameanza kumuulizia. Naombeni ushauri

Mama Nasra: Habari za jioni ndugu zangu. Mume wangu ni mwandishi wa kujitegemea huku Kusini, analipwa kwa habari iliyotoka. Mwezi uliopita aliandika kuhusu mizani ya korosho kwenye chama kimoja cha msingi, wakulima walikuwa wanapunjwa kilo kila gunia. Tangu itoke, simu zinaita usiku, akipokea zinakatwa. Alhamisi watu wawili wa pikipiki walimkuta mwanangu wa darasa la pili bombani, wakamuuliza baba yake hurudi saa ngapi. Mtoto akawaamkia shikamoo, akawajibu vizuri tu. Ile shikamoo imeniliza mpaka leo.

Yeye anasema nisikuze mambo. Hataki hata mhariri ajue, anaogopa kunyimwa kazi. Mimi nataka aache. Je, nakosea?

Kilwa Kivinje: Dada, aache. Korosho zitaandikwa na wengine, watoto wana baba mmoja.

Mzee wa Dawati: Mwanangu, nimekaa dawati la habari za mikoani miaka 19. Akiacha leo, habari imeshatoka, na wanaomuulizia hawatajua kama ameacha. Kinachomlinda ni watu wengi kujua. Mhariri aambiwe usiku huu huu, na klabu ya waandishi ya mkoa nayo.

Mnamkumbuka Azory Gwanda wa Kibiti, naye wa kujitegemea, aliyekuwa akiandika mauaji ya kule. Tarehe 21 Novemba 2017 alimfuata mkewe shambani akiwa na watu kwenye Land Cruiser nyeupe, akauliza ufunguo wa nyumba uko wapi, akasema ana safari ya dharura, kesho atarudi. Mama wa watu aliporudi alikuta nyumba imepekuliwa. Mpaka leo hajaonekana. Sasa mtazame Daudi Mwangosi, aliyeuawa Nyololo, Iringa, 2012. Wenzake walikuwepo na kamera, picha zikaenea nchi nzima, na mwaka 2016 askari akahukumiwa miaka 15. Mwangosi hakurudi, lakini angalau kesi ilisikilizwa. Mumeo asitoke peke yake, na asitoke bila wewe kujua anakwenda wapi, na nani, na namba ya gari.

Wakili wa Mtaani: Mama Nasra, anza na daftari. Kila simu iandike tarehe, saa na namba. Usifute ujumbe hata mmoja. Kisha nendeni polisi mkachukue RB, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni.

Kilwa Kivinje: Na kama hao hao polisi ndio wenye shida?

Wakili wa Mtaani: Ndiyo maana wasiende wawili tu. Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, THRDC, una mawakili, na mtu akitishiwa sana husaidia hata kumhamisha kwa muda. Baraza la Habari linaandikisha matukio kama haya. Nje kuna DefendDefenders pale Kampala, shirika linalolinda watetezi wa haki, na CPJ na RSF, mashirika ya kimataifa ya kutetea waandishi, wana fedha za dharura kwa waandishi. Wote watauliza ushahidi, kwa hiyo daftari ni muhimu. Halafu, ithibati yake, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi, iko hai? Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inaidai, asije akapewa kesi kwa mlango huo. Na majina ya wakulima waliomweleza yasikae kwenye simu anayotembea nayo.

Mama Nasra: Nimemsomea yote haya kwa sauti. Pale kwenye ufunguo wa nyumba alinyamaza, akachukua simu akatoka nje. Amempigia mhariri, wamezungumza karibu nusu saa. Kesho watoto wanakwenda kwa mama yangu. Nimeshaandika simu 11 kwenye daftari la hesabu la Nasra. Wakili, nilitunze hapa au niende nalo kwa mama?

Wakili wa Mtaani: Liende kwa bibi. Ila kabla halijaondoka, piga picha kila ukurasa umtumie mhariri.